Tarikhi ya Wenye Mashanta

Vijana wasafirio kwa makundi ya marafiki watatu au wanne, shanta mgongoni na fedha kidogo mfukoni, wakishuka katika stesheni kuu ya London, ya Amsterdam au ya Stockholm, aghalabu hawaendi kutafuta hoteli, bali huuliza iliko hosteli, ambamo kwa ujira wa kitanda kimoja, si wa chumba kizima, watalala bwenini pamoja na watu wasiowajua, watapika chakula chao katika jiko la shirika, na asubuhi watatoka kwenda kuutembea mji. Jambo hili limezoeleka hata watu hudhani kuwa hosteli ilizaliwa katika miji mikubwa na kwa ajili ya miji hiyo. Tarikhi yake yashuhudia kinyume. Hosteli ilibuniwa na watu walioyaona majiji kuwa ni maradhi, nao muradi wao ulikuwa kuwatoa vijana humo na kuwapeleka kondeni, mwituni na milimani. Na kwa muda wa takriban nusu karne kanuni zake zote ziliuelekea muradi huo.

Si kwamba msafiri wa zamani alikosa pa kulaza ubavu. Miji ya Waislamu ilikuwa na wakala na khan zake, yaani nyumba za kushukia wafanyabiashara, na wakala iliyojengwa Kairo na Sultan al-Ghuri mwanzoni mwa karne ya 16 ingali imesimama, vyumba vyake vikiuzunguka uwanda wa ndani ambamo bidhaa zilishushwa. Katika pwani yetu desturi ilikuwa na uungwana zaidi, maana Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, ameandika kwamba jahazi ilipotia nanga vijana wa mji waliiendea kwa mashua, kila mmoja na sinia yake iliyofunikwa, akamwandalia mfanyabiashara mmojawapo chakula hicho na kutangaza kuwa huyu ndiye mgeni wake. Na tangu hapo mgeni asiyekuwa na mazoea na mji hakushukia ila nyumbani kwa mwenyeji huyo, wala hakuuza wala kununua ila kwa mkono wake. Karne nyingi baadaye, Unguja na Mombasa, jamaa zenye asili ya Bara Hindi zilijenga musafirkhana na dharamsala kwa ajili ya watu wa dini na madhehebu yao. Walakini milango hii yote, kwa ukarimu wake wote, ilikuwa na sharti lisilotamkwa: ilimfungukia mwenye bidhaa, mwenye ibada, mwenye elimu au mwenye ukoo. Kijana asiyekuwa na mali ya kuuza, asiyekwenda kuhiji wala kusoma, ambaye haja yake ni kutembea tu aione dunia pamoja na wenzake, hakuwa na mlango wa kubisha.

Kijana wa namna hiyo alikuja kuwa kundi kubwa Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 19, wakati viwanda vya makaa na chuma vilipoijaza miji watu na moshi. Huko Steglitz, kitongoji cha Berlin, mwanafunzi mmoja aitwaye Hermann Hoffmann alianza mwaka 1896 kuwachukua wavulana wa shule ya sekondari ya huko kwa matembezi ya siku nyingi, na baada yake Karl Fischer akakifanya kikundi hicho kuwa chama, kilichoundwa rasmi tarehe 4 Novemba 1901 kwa jina la Wandervogel. Walivaa nguo za kitambaa kigumu, walibeba sufuria na magitaa, walilala juu ya majani makavu katika maghala ya wakulima, na katika hayo yote walijiona wamewaasi wazee wao bila ya kuwatukana. Hata kabla yao, mwaka 1884, tajiri mmoja wa Hohenelbe, Guido Rotter, alikwisha kuanzisha malazi ya wanafunzi wapandao milima ya mpaka wa Bohemia na Silesia. Lakini hao wote walikuwa watoto wa wenye nafasi. Mtoto wa mchimba makaa, aliyesoma shule ya chini na kuingia kiwandani akingali mdogo, hakuna aliyemkumbuka.

Aliyemkumbuka ni mwalimu wake. Richard Schirrmann alizaliwa mwaka 1874 katika Prusia ya Mashariki, penye maziwa na misitu, akahamia magharibi kufundisha Gelsenkirchen, mji wa migodi, ambako aliwaona watoto wenye nyuso zisizokuwa na damu, wasiojua ndege ila shomoro wala mti ila ule uliopandwa kando ya njia. Akaanza kuwatoa darasani na kuwasomesha wakitembea, jambo lililowaudhi wakubwa wake, na mwaka 1903 akawa amehamia Altena, mji mdogo wa viwanda vya kuvuta nyaya za chuma katika bonde la mto Lenne. Huko aliendelea vile vile, na matembezi yakazidi kuwa marefu, mpaka ikawa taabu yake kubwa si njia bali usiku. Kwani wakulima hawakupenda kuwaingiza watoto wengi wa mjini katika maghala yao, pengine kwa kuchelea moto, pengine kwa kuchelea matunda yao.

Tarehe 26 Agosti 1909 Schirrmann alikuwa njiani na wanafunzi wake, wakitembea kutoka Altena kwenda Aachen, safari ya siku nane, ilipowashika dhoruba ya radi katika bonde la Bröl. Walijisitiri katika shule ya kijiji, ambayo ilikuwa tupu kwa sababu ya likizo. Madawati yakasukumwa kando, mkulima mmoja akatoa majani makavu, watoto wakalala. Mwalimu hakulala. Huku radi zikipasua mawingu alijiuliza kwa nini kila shule ya Ujerumani, ambayo hukaa bila ya kazi wiki nyingi kila mwaka, isitoe chumba kimoja au viwili kuwa malazi ya watoto watembeao, ili katika kila masafa ya mwendo wa siku moja kuwe na mlango ulio wazi. Rai yenyewe ni nyepesi hata mtu hushangaa kuwa ilisubiri mpaka usiku ule. Na kwa maoni yangu wepesi huo ndio uliokuwa nguvu yake, maana haikuhitaji jengo jipya, wala mfadhili mkubwa, wala sheria, bali ufunguo tu na mtu wa kuutunza.

Mwaka uliofuata aliieneza rai hiyo magazetini, na barua na michango ikamjia, na pamoja nayo akaja Wilhelm Münker, mwenye kiwanda wa Hilchenbach, mtu wa hesabu na nidhamu, ambaye alitwaa kazi ya mipango na kumwachia mwalimu kazi ya kuota ndoto. Mwaka 1912 nyumba ya kwanza ya kudumu ilifunguliwa ndani ya ngome ya Altena, makao ya kale ya masharifu wa Mark, iliyokuwa imetoka kukarabatiwa. Na watoto wa wavuta nyaya wakalala katika vitanda vizito vya mbao vilivyopandana ghorofa tatu, chini ya dari za mabwana ambao mababu zao waliwatumikia. Mabweni hayo yamehifadhiwa yawe makumbusho, na mgeni anayeyatazama atatambua hima kwamba kitanda cha hosteli ya leo, ghairi ya taa yake na tundu lake la umeme, hakijaongeza mengi.

Humo ndimo kanuni zilimotungwa, na kanuni hizo zafaa zikumbukwe kwa utulivu, kwa kuwa ndizo zilizoipa hosteli tabia yake. Nyumba iliongozwa na mtu na mkewe, walioitwa baba na mama wa nyumba, wala si meneja. Wavulana walilala mbali na wasichana. Pombe na tumbaku zilikatazwa, taa zilizimwa mapema, na mlango ulifungwa mchana kutwa, kwa hoja kwamba aliyekuja kutembea hana haja ya kukaa ndani. Kila mmoja alifika na shuka lake lililoshonwa mfano wa mfuko, na kabla ya kuondoka alipewa kazi: huyu afagie, yule aoshe vyombo, huyu apasue kuni. Ada ilikuwa ndogo kwa sababu hapakuwa na mtumishi, na hapakuwa na mtumishi kwa sababu waliamini kuwa mgeni anayefagia sakafu haoni kwamba amefadhiliwa. Aidha hakuruhusiwa kukaa siku nyingi mahali pamoja, wala kuja kwa motokaa. Aje kwa miguu, au kwa baiskeli, au kwa mtumbwi.

Vita Vikuu vya kwanza vilimkuta Schirrmann na kumpeleka milima ya Vosges, ambako wakati wa Krismasi ya mwaka 1915 aliwaona askari wa Kijerumani na wa Kifaransa wakitoka mahandakini na kupeana mikate, sigara na mvinyo, ilhali amri ya kupigana ilikuwa haijaondolewa. Tangu hapo fikira yake ilipata mbawa nyingine: akaona kuwa nyumba zake zaweza kuwakutanisha vijana wa mataifa kabla hawajavalishwa sare. Mwaka 1919 chama cha hosteli cha Ujerumani kiliundwa, naye mwaka 1922 akaacha ualimu ili akitumikie. Na ilipofika mwaka 1932 Ujerumani ilikuwa na hosteli zaidi ya 2,000, na malazi yaliyohesabiwa humo kwa mwaka yalipita 4,500,000. Mwezi Oktoba mwaka huo huo wajumbe wa nchi 11 walikutana Amsterdam wakaunda shirikisho la kimataifa, na Schirrmann akawa rais wake.

Heri hiyo haikudumu. Mwaka uliofuata Hitler alishika serikali, jumuiya ya vijana wa chama chake ikazitwaa nyumba zote, na zile zilizokusudiwa kuwakutanisha vijana zikafanywa za kuwapanga safu. Mwaka 1936 Schirrmann alilazimishwa kujiuzulu urais wa kimataifa. Alizikuta nyumba zake baada ya vita vya pili zikiwa magofu au kambi, akaanza tena, akafariki mwezi Desemba 1961, akiwa na umri wa miaka 87.

Ulipofika Uingereza, mwaka 1930, mpango huu ulivaa nguo za Kiingereza bila ya kubadili kiini. Chama cha huko kilitamka katika katiba yake kwamba kusudi lake ni kuwasaidia watu wote, hasa vijana wenye uwezo mdogo, waijue, waipende na waitunze nchi ya shamba. Mji haukutajwa ila kwa kuwa ndimo watakamotoka. Hosteli ya kwanza, Pennant Hall katika bonde la Conwy huko Wales, ilifunguliwa wakati wa Krismasi ya mwaka huo, ikafungwa muda si mrefu kwa ajili ya shida ya maji, lakini nyingine zilikuwa zimekwisha kufuata. Katibu wake wa kwanza, Jack Catchpool, alikuwa Mkristo wa madhehebu ya Kweka, na bei ya usiku mmoja ilikuwa shilingi moja. Wafanyakazi wa viwanda vya Manchester na Sheffield, waliokuwa na Jumapili yao tu, na wengi miongoni mwao wasiokuwa na kazi kabisa katika miaka ile ya dhiki, waliziona shilingi hizo kuwa bora kuliko zote walizopata kutumia. Hao ni watu wa kizazi kile kile ambacho mwezi Aprili 1932 kilikwea mlima wa Kinder Scout kwa mamia, kikiwasukuma walinzi wa matajiri, kwa kuona kuwa ardhi ya kutembea haifai kufungiwa kwa ajili ya wawindaji wa ndege. Ufaransa ilifanya mfano wa hayo kwa uongozi wa Marc Sangnier, na likizo zenye malipo zilizoletwa na serikali ya mwaka 1936 ziliwatia barabarani watu ambao hawakupata kuiona bahari ya nchi yao.

Basi mji mkubwa uliingiaje? Uliingia kwa mlango wa nyuma, kama kituo cha njiani. Mholanzi aliyetaka kutembea milima ya Wales hakuwa na budi kulala London usiku mmoja, na Mwingereza aendaye misitu ya Skandinavia alihitaji kitanda Stockholm au Hamburg. Wasimamizi wakakubali kufungua nyumba mijini, kwa shingo upande, na kwa sharti kuwa mtu asikawie humo. Baada ya vita vya pili, nyumba hizi za njiani zikawa ndizo zinazojaa kwanza. Hamburg ilipata hosteli yake mwaka 1953 juu ya kilima cha Stintfang, ambako kijana akiamka huiona bandari nzima chini yake, mitambo ya kupakulia na meli za kila bendera. London ilipata ya kifahari zaidi: Holland House, jumba la mapema karne ya 17 katika mtaa wa Kensington, ambalo mabomu ya mwaka 1940 yaliliteketeza likabaki ubavu mmoja, liliungwa na mabweni mapya, na Malkia Elizabeth wa Pili akalifungua mwaka 1959 kuwa hosteli ya kumkumbuka baba yake. Mahali walipokuwa wakialikwa mawaziri na washairi mashuhuri, wanafunzi wa Kijerumani wakawa wanakausha soksi zao.

Lakini kwa wasomaji wa pwani nadhani hakuna iliyo shani kuliko ile ya Stockholm. Humo mna merikebu ya chuma yenye milingoti mitatu, iliyoundwa Whitehaven, Uingereza, mwaka 1888 ikaitwa Dunboyne, ikachukua shehena kwenda pande za mbali za dunia, ikauzwa mara mbili, ikawa chuo cha mabaharia wa jeshi la Sweden kwa jina la af Chapman, na ilipokwisha kazi mji ukaiokoa isivunjwe. Na tangu mwaka 1949 imefungwa gatini Skeppsholmen, mkabala na jumba la mfalme, ikiwa hosteli. Msafiri hulala katika vyumba vya chini ya sitaha, husikia maji yakigonga ubavu wa chombo, na hafiki popote.

Meli hiyo yaelekeza kwenye jambo ambalo ningependa msomaji aliangalie. Majiji hayakuwajengea vijana nyumba mpya ila kwa nadra. Yaliwapa yale yaliyoyachoka. Ottawa iliwapa gereza lake kongwe la mwaka 1862, lililofungwa mwaka 1972 na mwaka uliofuata likapokea wageni katika vyumba vile vile vyenye nondo. Stockholm, baadaye, ilifanya hivyo na gereza la Långholmen. Na New York, mwaka 1990, ilifungua hosteli yake kubwa katika Amsterdam Avenue, ndani ya jengo la matofali mekundu alilolisanifu Richard Morris Hunt katika miaka ya 1880 liwe makao ya wanawake wazee walioishiwa. Merikebu isiyosafiri, gereza lisilo na mfungwa, jumba lililopigwa bomu, makao yasiyo na wazee: vyote hivi vina vyumba vingi na kodi ndogo, na kwa sababu hiyo vilimfaa mtu ambaye mji haukumhesabu kuwa mteja wa maana.

Hesabu hiyo ilibadilika ghafula katika miaka ya 1970. Mwaka 1972 mashirika ya reli ya nchi 21, katika kuadhimisha miaka 50 ya umoja wao, yaliuza tikiti moja ambayo kwa pauni 27 na nusu ilimruhusu kijana asiyezidi miaka 21 kupanda treni mwezi mzima. Ilikusudiwa iwe ya msimu mmoja, ikapendwa, ikabaki. Mwaka 1977 Freddie Laker akaanza kuwavusha watu kwa ndege kutoka London hadi New York kwa pauni 59. Upande wa mashariki palikuwa na njia nyingine, iliyotoka Ulaya ikapita Istanbul, Tehran na Kabul hadi India na Nepal, na waliopita humo walibandika ujumbe wao katika ukuta wa mkahawa mmoja mdogo wa Istanbul, karibu na Msikiti wa Sultan Ahmed, wakitafuta wenzi wa safari. Vijana hawa hawakuwa na haja na milima ya Wales. Walitaka Paris, Roma, Amsterdam. Walitaka kutoka usiku, si kulala saa nne. Na kanuni za baba wa nyumba, zilizotungwa kwa ajili ya watoto waliochoka kwa kutembea, zikawa adha. Watu binafsi waliliona hilo wakafungua nyumba zisizofunga mlango, zisizouliza kadi ya uanachama, zisizompa mtu ufagio. Na vyama vya kale, baada ya kunung'unika, viliwafuata. Ruhusa ya motokaa ikaja, bia ikaja, bweni la wanaume na wanawake pamoja likaja. Bangkok haikuwa na chama wala kanuni: katika miaka ya 1980 mtaa wa Khao San, uliokuwa wa wauza mchele, uligeuka kuwa vijumba vya wageni kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kwetu Afrika Mashariki mambo haya yaligusa kwa pembeni. Nairobi ilikuwa na hosteli ya vijana katika barabara ya Ralph Bunche, Dar es Salaam ilikuwa na nyumba za YMCA na YWCA, na Lamu, katika miaka ile ile ya 1970, iliwaona vijana wa Kizungu wenye nywele ndefu wakilala juu ya madari ya nyumba za watu kwa shilingi chache, na wazee wakistaajabu jinsi mtu mwenye tikiti ya ndege anavyoweza kuvaa suruali iliyoraruka. Vijana wetu wenyewe hawakuzijaza nyumba hizo, wala sioni kuwa ni kwa ufukara peke yake. Kijana atokaye Tanga kwenda Dar es Salaam ana mjomba Ilala au shangazi Temeke, na kulala kwa ujira ilhali jamaa wapo ni tusi litakalofika nyumbani kabla yake. Ukoo ulifanya kazi ya hosteli, bure, na kwa kanuni kali kuliko za Schirrmann.

Kilichobaki katika hosteli ya mjini, baada ya kanuni zote kufifia, ni jiko. Ngome za zamani zilikuwa na jiko la wageni kwa sababu ya ufukara wao, na ufukara huo ukazaa usuhuba ambao hoteli haijapata kuuza: marafiki wanne waliochangia mchele na vitunguu hujikuta wamegawana chumvi na wageni wa nchi isiyowapenda, na saa moja baadaye wanaelekezana njia za kesho. Nathubutu kusema kuwa hili lilitimiza ndoto ya Vosges vizuri kuliko mikutano mingi ya kimataifa, na lilitimia mijini, si mwituni. Siku hizi vitanda vimewekewa mapazia, na kila mmoja ana simu yake ya kumwelekeza, hata jikoni hakuna ulazima wa kuulizana. Lakini chumvi bado husahauliwa.

Majiji nayo yameanza kuipima upya ardhi yao. New York ilikaza sheria ya malazi ya muda mfupi mwaka 2011, na hosteli nyingi ndogo zikafunga. Hata hivyo waliopata hasara kubwa ni wale wa upande wa pili. Mwaka 2023 chama cha Uingereza, kilichoundwa ili vijana waipende nchi ya shamba, kilitangaza kuuza hosteli 20 kwa sababu ya uzito wa gharama, na zilizo nyingi katika hizo zilikuwa za vijijini na milimani.